Valvu Haina Uchawi

Kuna imani moja iliyojikita miongoni mwa wacharaza gitaa, kuanzia studio za Los Angeles hadi kwa vijana wanaofanyia mazoezi nyuma ya kanisa kule Nakuru, nami nataka kuipinga bila kupepesa macho. Imani yenyewe ni hii: ile sauti nzito, ya joto, inayokwaruza kwa utamu, inatoka ndani ya valvu, zile chupa za kioo zinazokuza sauti ndani ya amplifaya. Valvu ikiwa ya zamani, iliyotoka Uingereza au Marekani kabla viwanda havijafungwa, ndiyo bora zaidi. Na kisanduku cha ovadraivu chenye umri wa miaka arobaini hukishinda kipya, hata kama vyote viwili vimeundwa kwa mchoro uleule. Asiye navyo, wanasema, anaigiza tu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Amplifaya ikipewa wimbi kubwa kuliko inavyoweza kulibeba, hulikata ncha. Wimbi lililokatwa ncha halitoi tena noti peke yake. Linazaa sauti nyingine juu ya ile noti, ambazo mafundi huziita harmoniki, na sikio huzisikia kama ukwaruzo. Ncha zikikatwa taratibu, kwa mviringo, sauti inalainika. Zikikatwa kwa ghafla, inachoma. Ovadraivu ni hiyo tu: namna ya kukata ncha. Kinachobishaniwa ni nani mkataji bora.

Historia haiwaungi mkono waumini wa valvu. Leo Fender, ambaye amplifaya zake leo zinasifiwa kwa kukwaruza vizuri, alihangaika kutafuta sauti safi. Ukwaruzo kwake ulikuwa kasoro ya kupunguzwa. Waliouleta kwenye rekodi waliupata kwa ajali au kwa uharibifu. Mwaka 1951, kule Memphis, Willie Kizart alipiga gitaa kwenye "Rocket 88" kwa amplifaya iliyopata hitilafu njiani, na mwenye studio, Sam Phillips, akajaza karatasi kwenye spika ili angalau itoe sauti. Link Wray alitoboa spika kwa penseli akarekodi "Rumble", iliyotoka mwaka 1958. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks akaikata kwa wembe spika ya amplifaya ndogo ya bei chee, dunia ikapata "You Really Got Me". Karatasi, penseli, wembe. Valvu zilikuwemo ndani ya vifaa hivyo vyote kwa sababu moja tu: wakati huo karibu kila kikuza sauti kilikuwa cha valvu. Kumsifu Davies kwa valvu zake ni kumnyima haki mwenye wembe.

Kisha ikaja Nashville. Grady Martin alikuwa akirekodi na Marty Robbins wimbo "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961, na chaneli moja ya meza ya kurekodia ikawa na hitilafu. Sauti yake ikatoka kama nyuki ndani ya kopo. Badala ya kuifuta wakaiacha, na watu wakaipenda. Fundi wa studio, Glenn Snoddy, alipotaka kuipata tena sauti ile kwa makusudi, alitumia transista. Ndivyo kilivyozaliwa kisanduku cha Maestro FZ-1 mwaka 1962, chenye transista tatu za jerimaniamu na betri. Miaka mitatu baadaye Keith Richards alikikanyaga kwenye "Satisfaction", na fazi, kama ukwaruzo wa aina hiyo unavyoitwa, ikauzika kote duniani. Basi kifaa cha kwanza cha mguuni kilichowafundisha watu kupenda gitaa lililoharibika hakikuwa na valvu hata moja.

Haya, tuje kwenye ukale. Hoja ya vitu vya zamani huegemea rekodi za zamani: sikiliza albamu ya John Mayall na Eric Clapton ya mwaka 1966, sikiliza Hendrix wa 1967, kisha uniambie kuna kipya kinachofika pale. Sawa, tusikilize. Amplifaya ya Marshall aliyoipigia Clapton studioni ilikuwa ya toleo la siku zile zile. Hendrix aliingia London Septemba 1966, akanunua Marshall mpya kwa Jim Marshall mwenyewe, na kile kisanduku chake cha mviringo cha Fuzz Face kilikuwa ndiyo kwanza kinatoka kiwandani. Rezista zao zilikuwa na thamani iliyoandikwa juu yake, kapasita zao hazijakauka, spika zao bado ngumu. Anayenunua leo amplifaya ya mwaka 1967 ananunua kitu chenye rezista zilizopanda thamani kwa joto la miongo mingi, kapasita zilizovuja au zilizokwisha kubadilishwa na mafundi watatu tofauti, na spika iliyochoka. Inaweza kutoa sauti nzuri sana. Lakini si sauti ya mwaka 1967, maana mwaka 1967 kifaa hicho kilikuwa kipya. Anayetaka kwa dhati kuwa kama Hendrix aende dukani.

Mfano unaoniridhisha zaidi ni wa Marshall hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jim Marshall alikuwa na duka la vyombo vya muziki Hanwell, magharibi mwa London. Amplifaya za Kimarekani zilikuwa ghali kwa vijana wa pale, hivyo yeye, Ken Bran na Dudley Craven wakachukua mchoro wa Fender Bassman, toleo linalojulikana kama 5F6-A, wakaunda yao: JTM45. Saketi ni karibu nakala. Mpangilio wa valvu ni ule ule, vidhibiti vya besi na trebo vile vile. Hata hivyo hakuna aliyewahi kusikiliza hizo mbili akazichanganya. Bassman ilikuwa na spika nne za Jensen za inchi kumi ndani ya kasha lililo wazi nyuma. Marshall wakaweka spika za Celestion za inchi kumi na mbili ndani ya kasha lililozibwa. Wakabadilisha valvu ya kwanza kwa yenye nguvu zaidi, baadaye na za mwisho, na transfoma yao ilikuwa nyingine. Lakini muulize fundi yeyote aliyewahi kuunganisha kichwa cha Marshall kwenye kasha la Fender nini kilibadilika zaidi. Atakuonyesha spika. Spika ya gitaa ya inchi kumi na mbili inaanza kuporomoka ikipita takriban hezi 5,000. Yote makali yaliyo juu ya hapo, yale yanayouma meno, hayafiki masikioni. Sehemu kubwa ya hilo "joto" ni karatasi na gundi ya spika. Kuipa valvu sifa hiyo ni kama kusema utamu wa pilau umetoka kwenye sufuria.

Hapo mwenye imani huinuka na kutoa hoja yake ya kisayansi. Mwaka 1973 mhandisi Russell Hamm aliandika katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani kwamba vikuza sauti vya valvu na vya transista, vikizidiwa, hutoa harmoniki tofauti. Tangu hapo hoja ikarahisishwa na kurudiwa mpaka ikageuka methali: valvu hutoa harmoniki shufwa, tamu kwa sikio, transista hutoa harmoniki witiri, chungu. Ningeomba wanaoirudia wasimame kidogo wajiulize shufwa inatoka wapi. Inatoka pale upande mmoja wa wimbi unapokatwa tofauti na mwingine. Basi. Umbile la saketi ndilo linaloamua. Awe mkataji ni valvu, transista au daiodi, ukimpa kazi isiyo na ulinganifu atakupa shufwa. Mwaka 1977 Boss walitoa OD-1, kisanduku cha chipu na daiodi kilichokata upande mmoja zaidi ya mwingine kwa makusudi.

Sasa angalia upande wa pili. Sehemu ya mwisho ya Marshall, na ya Fender nyingi kubwa, ina valvu zinazopokezana, moja ikisukuma huku nyingine ikivuta. Umbile hilo lina tabia inayofundishwa kwa kila mwanafunzi wa elektroniki: harmoniki shufwa zinazozaliwa humo hufutana. Kwa hiyo ile ngurumo ya amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho, ambayo kwa waumini ndiyo kilele cha yote, valvu zake kubwa zimechangia zaidi witiri, zile zile zinazodaiwa ni laana ya transista. Sikio halikulalamika.

Tufungue na kisanduku chenyewe. Kinachotukuzwa kuliko vyote katika ovadraivu za zamani ni Ibanez Tube Screamer TS808, kilichotoka mwaka 1979, kazi ya mhandisi Mjapani Susumu Tamura. Stevie Ray Vaughan alikifanya kitamaniwe. Kina neno la valvu katika jina lake, na ndani hakina valvu. Kina chipu ya JRC4558D, chipu ya kawaida ya bei ya chini iliyowekwa pia kwenye vifaa vingi vya nyumbani vya enzi hizo. Daiodi mbili za silikoni zimelazwa kwenye njia inayorudisha sauti nyuma ya chipu, moja ikitazama huku, nyingine kule, na ndizo zinazokata ncha, taratibu, pande zote mbili kwa usawa. Kwa usawa: yaani witiri tena. Kisha kuna rezista ya kiloomu 4.7 na kapasita ya maikrofaradi 0.047, ambazo kwa pamoja zinaifanya sauti iliyo chini ya hezi 720 ipungukiwe na ukwaruzo. Besi inabaki safi, katikati kunanona, na gitaa linapenya mbele ya ngoma na besi bila kuwafunika wenzake. Ndiyo siri yote. Imeandikwa kwa namba zinazosomeka kwenye rezista.

Tofauti kati ya TS808 na TS9, iliyoifuata mwaka 1982, ni karibu yote rezista mbili kwenye njia ya kutokea: omu 100 na kiloomu 10 kwenye ya kwanza, omu 470 na kiloomu 100 kwenye ya pili. Rezista mbili unazozinunua kwa bei ya andazi. Pengo la bei kati ya visanduku hivyo sokoni halina uhusiano wowote na rezista hizo. Wako hata wanaong'oa chipu mpya na kupachika ya zamani yenye namba ile ile, ilhali kazi ya kukata ncha inafanywa na daiodi na chipu haijafika karibu na kuzidiwa.

"Hayo ni ya chipu," atasema mwenzangu. "Mimi nazungumzia visanduku vyenye valvu kweli." Vipo. Tube Driver ya B.K. Butler ina valvu ya 12AX7, na David Gilmour na Eric Johnson waliipenda, tena wana masikio. Lakini ifungue. Kabla gitaa halijaifikia valvu limekwisha pita kwenye chipu zinazolikuza, na valvu yenyewe inalishwa umeme kidogo sana ukilinganisha na volti mia na kitu hadi mia mbili na zaidi ambazo valvu kama hiyo hupewa ndani ya amplifaya. Valvu iliyonyimwa umeme haitendi kama ndugu yake aliyeshiba. Inakata kwa namna yake, chafu kidogo, na hiyo ndiyo ladha ya kifaa hicho. Naikubali kabisa ladha hiyo. Ila haiwezi kutumika kama ushahidi wa ubora wa amplifaya za kale, kwa kuwa ni kitu kingine kabisa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Waundaji waliposikia valvu inasifiwa kila kona, baadhi wakaichomeka mahali isipofanya kazi ya maana, wakakata dirisha kwenye kasha ili ionekane, na wengine wakaweka chini yake kitaa cha rangi ya chungwa ili ing'ae vizuri zaidi. Mnunuzi anaona moto, anasikia joto. Ningeuita utapeli kama wanunuzi wasingekuwa wameuomba wenyewe.

Nisije nikaonekana nakana kila kitu. Amplifaya ya valvu iliyofunguliwa sawasawa ina tabia ambazo mchezaji anazihisi vidoleni. Katika zile za zamani ambamo valvu ndiyo inayobadili umeme wa ukutani kuwa wa mkondo mmoja, ukipiga kwa nguvu umeme hulegea kidogo kisha ukarudi, na noti inajikunja na kuchanua. Transfoma ya kutokea nayo ina tabia yake, na spika haibanwi sana, inatikisika kwa uhuru. Hayo ni ya kweli na yanapimika. Tazama lakini yako wapi: kwenye ugavi wa umeme, kwenye transfoma, kwenye uhusiano wa amplifaya na spika, na kwenye sauti kubwa kiasi cha kutikisa mbao za gitaa lenyewe. Hakuna hata moja linaloweza kutiwa kwenye kisanduku cha mguuni, kiwe cha mwaka 1979 au cha jana.

Na linapokuja suala la kusikia, imani hii haipendi kufunikwa macho. Mwaka 1985 mtengenezaji wa amplifaya Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile kwamba anaweza kuifanya amplifaya yake ya transista isikike sawasawa na amplifaya yoyote watakayoichagua. Wakachagua ya valvu, ya bei ya juu. Carver akajifungia nayo kwa takriban saa 48, akirekebisha yake mpaka tofauti kati ya sauti hizo mbili ikakaribia kufutika, na wahariri, watu waliokula mkate kwa kudai wanasikia tofauti, wakashindwa kuzitenganisha. Huo ulikuwa muziki wa nyumbani, si gitaa, lakini ubishi ulikuwa ule ule. Katika vinanda vya nyuzi mtafiti Claudia Fritz na wenzake waliwapa wapiga fidla mahiri fidla mpya na za Stradivari, wakiwa wamevaa miwani ya giza. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012 na 2014 wachezaji kwa ujumla walizipendelea mpya, na hawakuweza kubashiri kwa uhakika ipi ni ya kale. Ikiwa Stradivari, yenye karne tatu za sifa, inapoteza uchawi mara macho yanapofumbwa, sioni kwa nini kisanduku cha kijani cha Tube Screamer kisiguswe.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Visanduku viwili, mtu wa tatu anayebadilisha bila wewe kuona, na sauti zilizosawazishwa kwa kipimo, kwa sababu kinachozidi kidogo tu kwa ukubwa wa sauti sikio hukiita kitamu zaidi. Hapo ndipo maonyesho mengi ya madukani yanapopotoka: kisanduku cha bei kinawashwa kikiwa juu kidogo, na mteja anatikisa kichwa.

Ningeyaacha haya yawe mchezo wa wenye fedha kama yasingewaumiza wengine. Katika kanda yetu kijana anayejifunza gitaa anaambiwa mapema kwamba bila valvu hana sauti. Kuipata ni kuagiza kutoka nje, kulipa ushuru, na kama ni amplifaya ya Kimarekani ya volti 117, kununua na transfoma ya kushusha umeme wetu wa volti 230 au 240, unaopanda na kushuka utakavyo. Valvu ikifa, atatafuta nyingine katika dunia ambamo viwanda vilivyobaki vinavyozitengeneza ni vichache: Slovakia, Urusi, China. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi ilipozuia baadhi ya bidhaa kutoka nje ya nchi, bei zilitikisika hadi kwa waliokuwa hawajui valvu zao hutengenezwa wapi. Na anayekimbilia fazi ya jerimaniamu ya miaka ya 1960 ajue transista hizo huvuja zaidi kadiri joto linavyopanda. Kisanduku kilichopangwa kwa baridi ya London, ukikiweka jukwaani Dar es Salaam mwezi Februari, kinaweza kuanza kukohoa kabla ya wimbo wa pili.

Tena si kwamba bara hili lilikuwa linasubiri kufundishwa kukwaruza. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na bendi kama WITCH zilizojaza fazi za transista kwenye rekodi zao. Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono No. 1 walitaka likembe, ala ndogo zinazopigwa kwa vidole gumba, zisikike juu ya kelele za mitaa. Wakaunda maikrofoni kwa sumaku za magari yaliyokufa, wakapitisha kwenye vikuza sauti vya kubahatisha na vipaza sauti vya chuma, na kilichotoka kikawa ukwaruzo mkali, mnene, wenye mdundo. Albamu yao ya *Congotronics* ilipotoka mwaka 2004, wapenzi wa muziki wa Ulaya walioishi maisha yao yote wakitafuta valvu za Mullard walikaa chini na kusikiliza. Sumaku za gari.

Tukirudi kwenye visanduku, kuna Klon Centaur, kisanduku alichoanza kukiuza Bill Finnegan mwaka 1994, ambacho leo kilichotumika kinauzwa maelfu ya dola. Nacho hakina valvu. Finnegan aliifunika saketi kwa resini ngumu ili isinakiliwe. Ilipochongwa na mchoro ukajulikana, nakala za bei rahisi zikafurika, na wengi waliozilinganisha kwa haki wakakosa la kusema. Bei ya ile ya asili haikushuka. Ikapanda.

Wapo watakaonijibu kwamba bei hiyo ndiyo hoja yenyewe: kitu cha zamani ni akiba, kinapanda thamani, si cha kubezwa. Hilo ni jambo la soko na sina ubishi nalo. Anayeuza TS808 ya mwaka 1980 aseme anauza bidhaa adimu, ataje bei yake, mnunuzi apime mfuko wake. Mimi nitaanza kubishana pale muuzaji atakapochomeka gitaa na kuanza kunisimulia joto la valvu ndani ya kisanduku kisicho na valvu.